Nguzo Mbili za Ami Murtadha

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Baba amekubali. Gereji itapata lifti ya gari! Miaka yote hii mafundi wanaingia shimoni kama panya — basi. Kanikabidhi mimi kuchagua, kwa kuwa ndimi niliyesoma ufundi VETA. Nimempigia muuzaji wa Mwanza. Ana ya nguzo mbili na ya nguzo nne. Mimi nataka nne, inasimama kwa miguu yake yenyewe. Ya mbili inashikiliwa na boliti tu, ndani ya sakafu. Na sakafu yetu siijui. Aliimwaga babu.

Alhamisi, 7 Agosti
Baba karudi kutoka Igunga anacheka peke yake. Alikwenda kumjulia hali binamu yake, Ami Murtadha, anayefunga gereji yake. Wakanywa kahawa. Wakaelewana. Lifti ya Ami sasa ni yetu. Nguzo mbili.

Nikasema hatujapima sakafu. Akasema wameshasoma Fatiha.

Imekwisha. Kwetu biashara ikishasomewa Fatiha, hata kama ulinunua ng'ombe ukaletewa mbuzi, unamfunga zizini na kushukuru. Kwa nini hakunipigia simu kwanza? Nimekasirika mpaka nimeunguza wali.

Ijumaa, 8 Agosti
Fundi Jilala katoboa sakafu kwa drili. Zege la vidole vinne, kisha drili ikazama yenyewe. Ikatoka na udongo mweusi, laini. Lifti inataka zege la shibiri nzima. Jilala akausugua ule udongo kiganjani, akasema kitu kwa Kisukuma. Nilipomuuliza maana yake, akaenda kunawa mikono.

Nimemwomba Baba tuivunje sakafu, tumwage zege jipya, likae mwezi mmoja likauke. Hataki. Ami anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuiona ikifanya kazi. Akiikuta imelala chini, itakuwa tumemwambia katuuzia kitu kibovu.

Jumatano, 13 Agosti
Lifti imesimama, juu ya sakafu ileile. Nzuri, siwezi kukataa. Tumeinua Corolla ya mwalimu Theodora, ikakaa. Baba akanitazama, akaipigapiga nguzo kwa kiganja.

Jioni nikagusa nati za nguzo ya kushoto. Zilikazwa asubuhi. Nazizungusha kwa vidole.

Ijumaa, 15 Agosti
Jilala alizikaza jana. Leo zimelegea tena. Na kuna ufa, mwembamba kama uzi, kutoka boliti moja kwenda ya pili. Saa mbili asubuhi niliweka alama ya chaki ufa ulipoishia. Saa tisa ulikuwa umeipita. Nikamwita Baba aone. Akaifuta chaki kwa kiatu, akaniuliza kama tende za mgeni zimenunuliwa.

Naogopa. Sijawahi kuiogopa gereji hii, nimekulia humu.

Jumamosi, 16 Agosti
Ami kafika saa nne. Shikamoo, marahaba, kahawa, tende. Nimekimbilia ofisini kwa kisingizio cha vikombe. Naandika wima, dirishani.

Baba kaagiza ipande Land Cruiser ya wakulima wa Goweko, pamoja na mzigo wake. Imepanda mpaka juu ya kichwa cha mtu. Kamwambia Jilala aingie chini amwage oili ya gia boksi. Jilala kavua ovaroli, kaikunja vizuri, kaiweka juu ya pipa. Kasema kwa adabu: Mzee, mimi nina watoto.

Nikamwambia Baba kupitia dirishani, ishushe, tafadhali. Hakunigeukia. Kavua kofia, kampa Ami amshikie. Kaingia yeye.

Yuko chini yake sasa. Taa mkononi, anamwonyesha Ami hiki na kile, kama mtu anayetembeza wageni nyumba mpya. Ami anaitikia kila neno — naam, naam — lakini karudi nyuma hatua moja. Nyingine. Ya tatu. Kofia ya Baba ameikumbatia kifuani. Yeye aliyeitumia lifti hii miaka sita.

Nimemwonyesha Jilala swichi kwa ishara, aishushe. Katikisa kichwa. Kanijia dirishani, kaninong'oneza: isiguswe, ikishtuka tu boliti za kushoto zinang'oka. Mzee atoke kwanza, kwa miguu yake, polepole.

Baba hatoki. Anataka spana ya kumi na saba. Kainyoosha mikono juu, hawezi kuifuata mwenyewe. Jilala hasogei. Ami anatazama kikombe chake.

Nihal, anasema Baba, niletee huku chini. Ananiita mara ya pili.