Sauti Ilikuwa Upande Wake

Jumatatu, Garissa. Joto la leo halina adabu. Upepo umegoma tangu asubuhi, hata mbuzi wa jirani wameacha ugomvi wao na kujilaza chini ya miti ya mathenge. Mimi nimekaa ndani ya Probox yangu, milango yote wazi, kwenye kiti cha abiria. Tangu ninunue gari hili sijawahi kukaa upande huu.

Mbele yangu kuna shimo palipokuwa na redio. Nimeing'oa mwenyewe baada ya swala ya alfajiri, na nyaya zinaning'inia tu. Mteja mmoja amepita akaniuliza kama nimeibiwa. Nikamwambia ndiyo.

Mnaonisoma hapa mnajua nimewachosha na shindano. Mimi, fundi wa redio za magari wa nyuma ya soko, nimejiandikisha kwenye mashindano ya Nairobi! Si yale ya kupiga kelele mpaka vioo vitetemeke. Haya ni ya ubora wa sauti. Jaji anakaa kiti cha dereva, anafumba macho, anasikiliza. Gari likiwa limepangwa vizuri, hasikii spika za milangoni hata moja. Anasikia mwimbaji amesimama mbele yake, katikati ya dashibodi, na wapigaji wake nyuma, kila mtu mahali pake. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilicheka. Halafu nikakaa ndani ya gari la huyo aliyeniambia, nikafumba macho, na kicheko kikaniisha.

Basi nikaingia mzima mzima. Nilibandika mpira mzito ndani ya milango ili bati lisiimbe. Nikapandisha spika ndogo juu karibu na vioo. Kisha kila jioni nikawa ninacheza wimbo uleule, mwanamke anaimba na kaban, ule udi wetu Wasomali. Nilipunguza kulia, nikaongeza kushoto, nikapunguza tena kulia, mpaka yule mwanamke akaja kusimama katikati kabisa. Nilijiona fundi. Kumbe!

Hodan, mke wangu, ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kiti hiki. Nilikuwa namchukua jioni kutoka kibanda chake cha vitambaa, na njiani namuuliza: sauti iko wapi? Ananijibu: iko upande wangu. Namwambia bila shaka iko upande wako, umekaa karibu na spika, mambo haya huyajui. Siku zikaenda, akaacha kujibu. Halafu akaacha kusema kabisa. Chai analeta, chakula anapika, salamu anaitikia. Maneno hakuna.

Nikadhani amenuna. Nikajiambia anaionea redio wivu, atazoea.

Jumamosi tukaenda wote Nairobi, kwa sababu ana dada yake huko. Jaji alikuwa mzee wa Mombasa, mpole, kofia ya kufuma kichwani. Akakaa kwenye kiti changu, akaweka nyimbo zake mwenyewe, akafumba macho. Nikasimama nje nikimwangalia uso. Nilitaka sana anyanyue nyusi. Nisiwadanganye, nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyowaandikia hapa.

Alipotoka alinishika bega akanisogeza kando, watu wasisikie. Akasema kazi ya mikono yangu ni safi, lakini mwimbaji amekwenda kushoto kabisa, yuko nje ya kioo. Halafu akasema kitu kilichomshangaza yeye mwenyewe. Kila anayeanza hukosea upande mmoja, sauti humvuta kulia kwa sababu spika ya kulia ndiyo iliyo karibu na dereva. Kwa miaka yote ya kazi hii hajaona mgeni anayekosea kushoto namna hii. Akaniuliza ni nani aliyenisikilizia. Nikamwambia ni mimi mwenyewe.

"Fumba macho, mwanangu," akasema.

Akasugua vidole vyake karibu na sikio langu la kulia, nikasikia, kama mtu anayekunja karatasi. Akaniambia sasa anahamia kushoto, niseme akianza. Nikasubiri. Nikasubiri tena, nikaona anachelewa, nikafumbua macho kumuuliza anangoja nini. Vidole vilikuwa pale sikioni, vinasuguana.

Shuleni walimu walikuwa wanatuambia sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nilikuwa nakaa dawati la mbele na nilikuwa nasikia kila kitu.

Najua lilikofia. Ule ukame mkubwa nilikuwa Hulugho, kwetu, nikiendesha injini ya kisima. Injini ikizima, mifugo ya watu inakufa, kwa hiyo haikuzimwa usiku wala mchana, na mimi nilikaa nayo kwenye kile kibanda cha mabati. Nilikaa upande mmoja siku zote, sikio la kushoto kwa injini na uso mlangoni, ili nione hodhi la maji na watu wasipigane. Kina mama walikuwa wananiombea dua wakipita. Ngamia wa aabo, baba yangu, walikunywa mpaka wakashiba maji na bado wakafa, kwa sababu majani hayakuwepo. Nikaja mjini kujifunza redio. Mavumo ya injini yaliyobaki kichwani nilidhani ni uchovu, na yalipoacha nikasema alhamdulillahi.

Jana tukaanza safari ya kurudi. Sikuwa nimemwambia Hodan. Alikaa kushoto, hapa nilipokaa sasa, ameegemea mlango. Tulipoipita Mwingi nikawa namtazama kwa jicho la pembeni, na nikaona midomo yake inacheza. Pengine alikuwa anasoma dua tu. Lakini nikajiuliza, je, miezi hii yote huyu mwanamke hakuwa amenyamaza?

Nikasimamisha gari pembeni. Nikashuka, nikazunguka mpaka dirishani kwake, nikampa sikio la kulia. Nikamweleza yote, jaji, vidole, injini. Nikamuuliza ni kitu gani alichoniambia mimi nisimjibu.

Malori mawili yalipita, vumbi likatufunika, hakupangusa uso.

"Siku ile uliponichukua hospitali," akasema. "Nilikwambia."

Ile siku naikumbuka. Alinipigia simu kwamba tumbo linamuuma, nikamngojea nje ya geti, muziki ukicheza maana ndiyo kwanza nilikuwa nimehamisha zile spika ndogo. Aliingia amejifunika shali yake mpaka kidevuni. Sikujua kwamba alikuwa na mimba. Ile ya kwanza tuliitangaza mapema ikatoka, na ndimi za watu zikafanya kazi yake, kwa hiyo hii ya pili aliificha hata kwangu mpaka tumbo lenyewe liseme. Siku ile nayo ilikuwa imetoka. Akaniambia hapo ndani ya gari, ameinamisha kichwa, kwa ile sauti yake ya chini. Upande wa kushoto.

"Na wewe ukaniuliza sauti iko wapi."

Wallahi nilikumbuka. Nilikumbuka hata kwamba hakunijibu, na kwamba niliongeza sauti kidogo.

Kwenye kizuizi cha daraja la Tana askari aliomba vitambulisho, nikampa, akanisemesha kitu, sikusikia, nikaitikia tu kwa kichwa. Nimekuwa nikiitikia kwa kichwa kwa muda gani? Ni watu wangapi wameniambia mambo yao nikawatikisia kichwa kama kinyonga?

Nimelia leo. Naliandika hapa kwa sababu siwezi kulisema sokoni. Nimemlilia mtoto ambaye mama yake alimlilia peke yake miezi mitatu, mimi nikiwa hatua moja kutoka kwake nikipanga spika. Sikio silililii. Sikio na liende.

Mchana nilimwomba Hodan jambo moja. Nikamwambia baada ya alasiri aje akae kiti cha dereva, pale wanapokaa majaji, na mimi nitakaa huku kushoto, ili sikio langu zima liwe kwake. Aseme yote tangu mwanzo. Yeye akaendelea kuanua nguo. Ndiyo maana niko hapa na simu mkononi, naandika kusogeza muda. Adhana imeshapita. Watu wanatoka msikitini.

Naendelea sasa. Alikuja.

Alikaa, akashika usukani kwa mikono miwili ingawa hajui kuendesha, akasema. Sitayaandika hapa. Alisema mpaka kivuli cha ukuta kikafika kwenye matairi. Sikumkatiza hata mara moja. Nilisikia kila neno, hata pumzi yake, na kwa mara ya kwanza katika gari hili mwanamke alikuwa mahali alipo kweli.

Mwishoni akageukia dirisha lake akasema kitu kwa nje. Hicho sikukisikia. Shingo yangu ilikuwa imeshaanza kutikisika yenyewe, kwa mazoea. Nikaizuia.

"Hodan abaayo, hapo mwisho sikusikia," nikamwambia. "Niambie tena."

Akanigeukia. Nadhani hakutegemea.

"Nimesema nataka kwenda kwa hooyo, Bute. Na sijui kama nitarudi."

Safari hii nilisikia vizuri kabisa.

Sikumbembeleza. Ningeanzia wapi? Nimemwambia nitampeleka kwa mama yake mimi mwenyewe, asipande gari la watu. Amekubali. Hospitali ya masikio itangoja. Njia nzima atakuwa kushoto kwangu, hakuna namna, kwa hiyo nimemwomba kila akitaka kusema neno anishike mkono, nami nitasimamisha gari, nitageuka nimsikilize, halafu tuendelee.

Kesho alfajiri tunaondoka. Bute ni mbali sana kutoka hapa. Ee Mola, naomba tuchelewe kufika.