Gome la muyombo

Kindu, Jumapili, 14 Septemba

Baba Feza,

Asubuhi imenyesha hapa mtaani Kasuku, na nguo zangu bado zina vumbi la safari. Tumerudi jana kutoka kusini, kwenye pori la miyombo tulikokimbilia wakati wa vita, ulikofia. Nilikwenda na mkwe wetu, mume wa Feza, kwa pikipiki yake. Tulibeba saruji ili nikujengee kaburi.

Sikukupata.

Hukuzikwa kwa mbao. Tulikuwa wakimbizi, homa ikakuchukua, mbao zingetoka wapi? Wenyeji wakatuonea huruma. Wakabandua gome la muyombo likatoka zima, kama wanavyofanya kwa mizinga ya nyuki, wakakulaza ndani, wakalishona kwa kamba za gome hilohilo. Tukakuzika chini ya mti uleule. Nikajiambia: mti ulio uchi katikati ya mingine hautanipotea.

Sisi watu wa Kindu tunajua msitu wetu na mto wetu. Sikujua kwamba muyombo ukibanduliwa kuzunguka shina lote, hufa.

Mchoma makala tuliyemkuta huko ndiye aliyenieleza, ameketi juu ya gunia lake la mkaa.

"Mama, ule muti ulikauka zamani. Mukavu njo tunakata wa kwanza."

"Na kaburi?"

"Siye tunachoma makala, mama. Wafu hatuwaulizake." Akacheka. Kisha akaniangalia usoni, akainuka kwenye gunia.

Visiki ni vingi, vyote vyeusi. Mkwe akaninong'oneza: "Mama, tujenge hapa tu. Nani atajua?"

"Mimi."

Akaifunga saruji tena kwenye pikipiki.

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Waliobandua gome walitusaidia. Huyu wa makala analisha watoto wake. Waliotufukuza kwetu kwa bunduki ndio hakuna aliyewauliza neno. Wanazeeka vizuri, wananenepa.

Nilitaka siku yangu ikifika Feza anipeleke nikalale karibu nawe. Sasa atanizika hapa mjini, na wewe utabaki huko peke yako, mahali nisipopajua.

Siku ile ya mwisho, midomo imekupasuka kwa homa, uliniuliza kama nimekula. Nilikudanganya kwamba ndiyo, ukafurahi.

Huko uliko, Baba Feza, unikumbuke.