Mdomo wa Caren

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mimi Fidel Obuya ndiye kichwa kikali kuliko vyote Nairobi, na niliachia shule kidato cha pili. Ningemaliza, walimu wangekosa kazi! Leo chuo cha biashara cha Spring Valley kimenipigia simu. Kesho wanakuja hapa Mutuini kumwona dada Caren, fundi wa yunifomu, na bila mimi hawaendi popote. Caren hasikii wala haongei tangu utotoni. Shule hakupelekwa. Ishara zake tulizitunga sisi wawili tukiwa wadogo, hakuna mwingine anayezijua. Mdomo wake ni mimi. Na siku hizi sindano namtilia uzi mimi — macho yanamsumbua.

Jumanne, 4 Machi
Wamekuja. Daktari Hannah, mwalimu wao, anasema chuo kinachofundisha watu kutajirika huku jirani anaumia ni majengo tu. Kwa hivyo wanafunzi watakaa mwaka mzima na biashara kumi za huku, wenye shida zaidi kwanza. Vifaa, wateja, hata hospitali kama ugonjwa ndio unakwamisha kazi. Nikamwambia kwa mwalimu kama yeye hata mimi ningerudi darasani. Wakacheka. Anita, mwanafunzi, viatu vyeupe kwenye matope yetu, alicheka kuliko wote. Aki!
Akauliza Caren anahitaji nini. Caren alieleza kwa muda mrefu, akirudia ishara zile zile. Nikatafsiri. Anita akaandika kila neno.
Nilikuwa moto leo.

Jumamosi, 15 Machi
Caren amefagia hadi kwa jirani. Amemshonea Anita mfuko, mshono umeenda upande. Kila asubuhi anapangusa kiatu chake, ndilo jina alilompa Anita, kisha anafungua viganja: viatu vyeupe anarudi lini? Namwambia karibu.

Jumatatu, 24 Machi
Nimeenda Spring Valley mwenyewe. Majina kumi yamebandikwa ukutani. Macharia, fundi viatu wa huku kwetu, yumo. Caren hayumo.
Niliingia kwa Daktari Hannah nikiwaka. Nikamwambia nyinyi wenye vyeti mnakuja kutupiga picha tu. Hakukasirika. Alitoa karatasi aliyoandika Anita siku ile, akanisomea polepole: biashara ya Caren iko juu, haombi msaada wa mtu, labda yeye ndiye awafundishe wengine.
“Tulimwamini Caren, Fidel,” akasema. “Tumekosea wapi?”
Nikatoka nje. Orodha nyingine ni mwakani.

Jumanne, 25 Machi
Caren amejidunga kidole tena. Damu kwenye kola ya mtoto wa watu. Sasa amesimama mbele yangu. Amepangusa kiatu, amefungua viganja. Naandika ili mikono isipate nafasi ya kumjibu.
Siku ile alisema: sioni vizuri, naogopa, nisaidieni. Basi. Hayo mengine yote ni yangu. Sikutaka Anita ajue kwetu tunaomba.
Bado amesimama. Ameshika kalamu yangu kwa juu, taratibu, anangoja niiach—