Fomu ya Greta Ninayo Mimi

Marlys mwanangu,

Viazi na nyama viko kwenye oveni. Vitoe saa sita. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Fomu ya chuo usiitafute. Asubuhi mwanao Greta yuko bafuni anaoga, wewe ukamchagulia stashahada ya miaka miwili ya sanaa, eti inafungua milango yote ya chuo kikuu. Mwenyewe anataka ile ya ufundi, akapande minara ya umeme wa upepo kuitengeneza. Ukanifokea: "Baba, masomo ya ufundi chuo kikuu hawayapokei!" Kweli, mengi hawayapokei. Mimi mwenyewe hawakunipokea, na bado kwa uma na ute wa yai nilifufua trekta lililokufa. Jogoo ni shahidi.

~~Nimemjazia ya ufundi.~~ Hapana, hapo ningekuwa wewe. Tunakwenda chuoni kuomba fomu mpya, maana mwisho ni leo saa kumi. Atajaza mwenyewe, hata akichagua hiyo yako.

Wewe nilikuchagulia mimi, ukasoma miaka miwili umenuna, nami nikijisifu kanisani. Nisamehe, mwanangu.

Greta yuko garini, anapiga honi.

Baba yako, leo dereva wa Greta