Nimemkana Bobi mlimani

Zuleha upo? Nimefanya kitu kibaya.

Si unajua Mama Sophie, jirani yangu, kasafiri kaniachia mbwa wake Bobi? Leo nimempeleka kutembea kule milimani Kagerankanda, ile njia tuliyopita siku ya Idi. Nikaona hakuna mtu, nikamfungua kamba.

Kumbe upande wa pili kuna mbuzi. Shoga, Bobi alichomoka! Akakamata kitoto cha mbuzi mguu.

Nilipomwita akamwachia, akarudi mbio. Nyuma yake mzee mwenye mbuzi, ana fimbo, anauliza, "Mbwa huyu wa nani?"

Nikasema, "Simjui."

Zuleha, nilisema SIMJUI. Na Bobi kakaa miguuni kwangu kabisa.

Mzee akamchapa mgongoni. Akamchapa tena. Mbwa analia huku ananitazama mimi! Ya tatu ndiyo nikapiga kelele, "Mwache baba, nimekuja naye mimi!"

Mzee akashusha fimbo. Akasema taratibu, "Binti, mbuzi atapona. Ungesema mapema nisingempiga."

Nilikosa hata pa kutazama.

Sasa hivi Mama Sophie kapiga: "Bobi hajakusumbua?" Nikamwambia, "Hapana mama, mimi ndiye niliyemtesa." Nikamsimulia yote, hadi lile neno. Akakata simu.

Nimekaa sakafuni namkanda Bobi mgongo kwa maji ya moto. Kila nikigusa palipovimba anaguna, lakini haondoki.