Jogoo wa Mama Mnadani

Igamba, Jumapili, mwezi wa saba

Sijamwambia mtu yeyote: nilimpeleka jogoo kwa makusudi. Mama aliniagiza nipeleke tetea kanisani, sadaka ya mavuno. Lakini jogoo huyu ananiamsha alfajiri, na baridi hii!

Baada ya ibada, sadaka zikanadiwa nje. Mama akashtuka.

"We binti, si jogoo wetu yule?"

"Kulikuwa na giza, mama."

Mchungaji ndiye aliyemnunua. "Huyu ataniamsha. Tuanze tena ibada ya alfajiri! Nani atagonga kengele?"

"Binti yangu," mama akadakia. "Kamaliza shule, yupo tu nyumbani."

Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kwa aibu.

Kesho naanza, gizani, na umande wote ule. Tafadhali unayesoma, mama asijue. Ingawa alivyonitazama akitabasamu...