Gari la Buluu Lililochelewa Kurudi Yadini

MAELEZO YA SHAHIDI

Kosa linalochunguzwa: Kujipatia gari kwa udanganyifu
Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho alichoonyesha. Kazini anaitwa Dada Funguo.
Umri: Miaka 36
Kazi: Muuzaji, yadi ya magari
Makazi: Nyumba za kupanga nyuma ya kiwanda cha magodoro
Yamechukuliwa Jumatatu tarehe 14, kuanzia saa tatu asubuhi, na koplo wa zamu.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Koplo ameniuliza kama kuna mtu aliyenilazimisha au kuniahidi chochote, nimemjibu hapana. Aliyejaribu kunilazimisha alitaka niseme mengine.

Huu ni mwaka wangu wa nane nauza magari kwenye yadi ile. Naitwa Dada Funguo kwa sababu funguo zote za magari hukaa kwenye kabati langu, na atakaye gari lazima apitie kwangu. Tangu mwezi wa pili tuna meneja mpya. Alikuja na wimbo mmoja tu, mteja ajisikie. Ajisikie mwenye gari kabla hajalipa, na akishalipa ajisikie bwana harusi. Siku ya kukabidhi gari tunalifunika kwa kitambaa chekundu, tunafunga utepe, tunagonga kengele, tunapiga makofi sote mpaka fundi wa matairi, na picha inarushwa mtandaoni. Mimi huwa napiga makofi kama wengine, kazi ni kazi.

Kuna utaratibu mwingine, na huo ndio unaohusika hapa. Zamani mteja akitaka kulijaribu gari alizunguka mtaa mmoja huku muuzaji amekaa pembeni yake, kama mahabusu na askari, koplo anisamehe. Meneja akakataza. Sasa mteja anapewa ufunguo, anakwenda na gari mpaka kwake, anakaa ndani yake na mkewe na watoto, na muuzaji anabaki yadini. Baadaye tunampigia simu kumuuliza anajisikiaje na familia imelionaje gari. Meneja husema ukimweka mke wa mteja kiti cha mbele, hilo gari limeshauzwa. Maneno hayo ametuambia zaidi ya mara moja, mbele ya watu wote.

Mtuhumiwa namfahamu. Sisi tunamwita Mzee Sindano. Ni fundi wa kushona viti vya magari, na kabla ya meneja huyu kuja alikuwa akitushonea viti vilivyochakaa. Alivipeleka kwake kwa mkokoteni, mkewe akikata vitambaa na kushona mishono ya mkono, yeye akimalizia kwa cherehani. Kwa hiyo anayesema kwamba mzee huyu alinijia kama mteja nisiyemjua, huo ni uongo mtupu. Nimekunywa naye chai miaka mingi. Hajawahi kuwa na gari. Tulikuwa tukimtania kwamba kinyozi hajinyoi, naye hujibu kwamba kinyozi angalau ana kichwa.

Mnamo Jumamosi tarehe 12, kabla ya saa mbili asubuhi, alikuja yadini amevaa koti na viatu vilivyopigwa rangi. Nilimwamkia, akaitikia, lakini hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari dogo la buluu lililoegeshwa karibu na ofisi, akachungulia ndani. Gari hilo lilikuwa limeshauzwa. Mnunuzi, ambaye ni mwalimu, alikuwa anakuja kulichukua siku hiyohiyo saa saba mchana, na kitambaa chekundu kilikuwa tayari kimekunjwa juu ya meza yangu.

Nilimuuliza, "Baba, kulikoni mapema hivi?"

Alisema, "Mama yako wamemrudisha nyumbani. Wamesema tukae naye tu."

Nilijua mkewe ana ugonjwa wa moyo na kwamba alikuwa amelazwa. Nilimpa pole. Akaendelea, "Mwanangu, mimi sinunui gari, nisikudanganye. Viti hivi ndivyo vya mwisho alivyoshona kabla hajaanguka kitandani. Maisha yote ameshonea watu viti, hajakalia hata kimoja kikiwa ndani ya gari. Jana ameniuliza kama hili bado lipo."

Naomba yaandikwe kama alivyoyasema: mimi sinunui gari, nisikudanganye.

Nilimwambia gari lina mwenyewe, na mwenyewe anakuja saa saba. Akasema, "Basi, usijali," akageuka aondoke. Hakubembeleza. Angebembeleza pengine ningemkatalia, maana wabembelezaji nimewazoea. Nilimwita, nikafungua kabati, nikampa ufunguo. Nilimwambia arudi saa tano ili nipate nafasi ya kuliosha gari. Aliniuliza kama sitapata matatizo. Nikamwambia meneja mwenyewe ndiye anayetaka wake za watu wakae kiti cha mbele. Tulicheka wote wawili. Leseni anayo, ujanani aliendesha magari ya mizigo, na niliiangalia kabla hajawasha gari.

Aliondoka saa mbili na dakika kumi. Meneja alikuwa hajafika.

Saa nne nilimpigia simu, kama tunavyowapigia wote. Alipokea mkewe. Sauti yake ilikuwa ndogo, akivuta pumzi katikati ya maneno. Nilimwamkia, naye akaniuliza, "Wewe ndiye Dada Funguo?" Nikasema ndimi. Meneja alikuwa ameshafika na amesimama mbele yangu, kwa hiyo nilimsomea mama yule maswali yetu yaleyale tunayomsomea kila mtu. Nilimuuliza anajisikiaje ndani ya gari. Akasema, "Kama mke wa waziri." Nilimuuliza kama kuna kitu hakijamridhisha. Akasema kuna mshono mmoja wa ubavuni umekwenda upande, lakini siku aliyoushona alikuwa tayari anaumwa. Swali la mwisho linauliza kama mteja angependa muda zaidi na gari. Akasema, "Kama inawezekana, mwanangu. Nataka tufike bwawani, nione maji."

Nikasema, "Nendeni, mama. Msiwe na haraka."

Meneja aliniuliza ni nani yule. Nilisema ni mteja. Akaninyooshea dole gumba, akaenda kumpokea mpiga picha. Kwa hiyo kuchelewa kwa gari kulianza kwangu, hakukuanza kwa Mzee.

Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Simu iliita mpaka ikakatika, mara nyingi. Nilijiambia wamesahau simu kwenye gari na wao wako ukingoni wanaangalia maji. Saa saba mwalimu akafika na mama yake mzazi, wamependeza. Hapo nikamwambia meneja kwamba gari la buluu liko kwa mtu anayelijaribu. Hakuuliza ni mtu gani. Aliamuru tufunike gari lingine la umbo lile, la kijivu, ili wageni wasione pengo, halafu tuvute muda kwa kengele na keki mpaka la buluu lirudi. Mpiga picha hakuambiwa. Akamwambia mwalimu, "Vuta kitambaa, mama, tabasamu." Mwalimu akavuta, sote tukapiga makofi. Akaliangalia gari la kijivu, akatuangalia sisi, na sisi bado tunapiga makofi. Mama yake ndiye aliyesema, "Hili si letu." Ingekuwa siku nyingine ningecheka mpaka mbavu ziniume.

Ndipo meneja alipopiga simu polisi na kusema gari limeibwa. Nilimwambia halijaibwa. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba ni heri tuonekane tumeibiwa kuliko tuonekane wazembe, tena mbele ya mteja.

Gari lina kifaa kinachoonyesha mahali lilipo. Saa nane na nusu nilipanda gari la polisi pamoja na askari wawili, nikiwa na ufunguo wa akiba. Tulilikuta barabara ya bwawani, limeegeshwa vizuri nje ya lami, taa za tahadhari zinawaka, vioo vyote vimeshushwa. Mzee alikuwa kwenye usukani. Mkewe alikuwa kiti cha mbele, kimelazwa kidogo, mkanda umefungwa, shali imefunika magoti, uso umeelekea kwenye maji. Nilijua kabla sijafika dirishani.

Askari mdogo alimwambia ashuke na ainue mikono. Mzee hakuinua, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshika wa mkewe. Yule askari mkubwa akamwambia mwenzake aache. Mzee aliponiona alisema, "Samahani, mwanangu, nimekuchelewesha. Nilishindwa kuliwasha. Niliona nikiliwasha atatikisika." Kisha akasema, "Kiti hakijachafuka, nimeangalia."

Nilishika mlango wa gari nikalia. Naomba na hilo liandikwe, maana nasikia meneja anawaambia wenzangu kwamba nililia kwa uchungu wa kutapeliwa. Nilimlilia mama ambaye nilikuwa nimezungumza naye mara moja tu, kwa maswali ya kuuzia magari, naye akanijibu yote kwa adabu.

Mkanda niliufungua mimi. Mzee alijaribu kwa mkono mmoja, akashindwa. Mwili ulipelekwa mochwari, Mzee akaletwa kituoni, nami nikaambiwa nirudishe gari. Niliendesha kiti cha pembeni kikiwa bado kimelazwa, sikukiinua mpaka nilipofika.

Jana Jumapili meneja aliniita ofisini. Alinimiminia maji ya kunywa na kunikalisha kwenye sofa, vilevile tunavyomfanyia mteja mwenye malalamiko. Akaniambia nikiulizwa na polisi niseme Mzee alijitambulisha kama mnunuzi. Nikisema hivyo mimi nimetapeliwa na kazi yangu ipo. Nikisema vingine, mimi ni mshirika wake na kazi sina. Simchukii. Yeye naye ana wakubwa wake. Lakini nina watoto wawili na mama mzazi, na wote wanakula kupitia kabati lile la funguo, naye analijua hilo.

Jioni hiyo binti wa Mzee alinifuata nyumbani. Aliniambia mama yake anazikwa kesho Jumanne saa nne asubuhi, na ndugu wameshafika. Akaniambia pia kwamba baba yake amekataa kujitetea. Amewaambia polisi alinihadaa, kwamba alijifanya ananunua, nami sikujua lolote. Binti hakuwa mkali. Alisema, "Dada, baba hajui kudanganya. Kama safari hii amedanganya, nataka tu nijue amemdanganya nani."

Nilimwambia amewadanganya polisi. Ameyasema hayo ili nisifukuzwe kazi. Sikumwomba afanye hivyo, wala hatukupanga, na tangu siku ile ya bwawani sijasema naye.

Kwa hiyo nasema mimi mwenyewe kwa akili zangu timamu. Sikuhadaiwa. Nilijua hanunui, nilijua gari lina mwenyewe, nilijua mgonjwa yuko katika hali gani, na ufunguo niliutoa kwa mkono wangu. Muda niliuongeza mimi. Kama kuna kosa ni la kazini, liko kati yangu na mwajiri wangu. Mzee alichukua alichopewa. Mtu aliyeishi na mkewe umri wote ule hafai kusikia mazishi yake kwa kusimuliwa, eti kwa sababu ananikinga mimi.

Koplo ameniuliza kama naelewa kwamba kwa maneno haya naweza kupoteza kazi. Naelewa. Naogopa, na sioni aibu kusema naogopa. Ameniuliza kama nilimpa Mzee gari kwa kumwonea huruma. Huruma ilikuwepo, lakini si hiyo peke yake. Miezi yote hii nimekuwa nikiwahimiza watu wajisikie wenye magari, wengine hata hawajui wanachotaka, nami nawachekea tu. Asubuhi ile nilimpa gari mtu aliyelihitaji, na alipotoka getini nilifurahi. Hata baada ya yote yaliyotokea siwezi kusema sikufurahi.

Ninayoyajua yameishia hapo. Sijatia chumvi wala sijapunguza. Nimesomewa, nimeyatambua kuwa ni maneno yangu, natia saini bila kushurutishwa.

(Saini ya shahidi)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika maelezo haya mimi, koplo wa zamu, nikamsomea shahidi, akayakubali. Nimeyafikisha kwa mkuu wa kituo, ambaye ameagiza mtuhumiwa apewe dhamana leo ili akamzike mkewe, na jalada lirudishwe kwake baada ya mazishi. Mtuhumiwa alipoelezwa sababu ya kuachiwa alikataa kutoka mahabusu. Alisema shahidi anajisingizia, kwamba yeye ndiye aliyemhadaa, na akataka niandike hivyo kwanza ndipo apokee viatu vyake. Nimemwambia siandiki, avae viatu, watu wanamsubiri msibani.

(Saini ya koplo wa zamu)